Njaa Haipunguzi Kitambi: Hesabu ya Kalori kwa Sufuria ya Uganda

Anayejinyima chakula ili apungue hashindwi asubuhi. Asubuhi ni nyepesi: chai ya rangi bila sukari, kipande cha papai, safari ya kazini. Mchana shughuli humsahaulisha, na wenzake wakiagiza katogo (ndizi za kupika zilizochanganywa na maharagwe au utumbo) yeye huomba maji. Kufikia saa kumi na moja jioni ameingiza kalori 300 hivi. Kisha anashuka kwenye teksi, na pale pale kituoni kijana anakunja rolex. Chapati moja, mayai mawili, na mafuta yaliyomiminwa kwenye kikaango bila kupimwa: hizo ni kati ya kalori 550 na 700. Nyumbani saa tatu usiku kuna posho (ugali) na binyebwa (mchuzi wa karanga), na kwa kuwa njaa ya kutwa haitulizwi kwa vijiko viwili, sahani inajazwa mara mbili. Zimeingia nyingine 1,200. Halafu karanga za kukaanga mbele ya televisheni, gramu 50, kalori 280. Jumla inafika 2,400, na kesho yake ataapa kwamba jana hakula kitu.

Hasemi uongo. Anakumbuka saa kumi za kiu na kizunguzungu, na saa mbili za kula zimepita haraka. Mizani isiposhuka atajilaumu kwamba hana nia, kisha kesho atapunguza zaidi: hata lile papai ataliacha. Jioni inayofuata itakuwa mbaya kuliko ya jana.

Tunachotaka kusema ni kwamba anayepunguza uzito anahitaji kiwango cha chini cha chakula asichoshuka chini yake, na akilinde kwa bidii ile ile anayolindia kiwango cha juu. Wengi wanajua kuweka dari. Sakafu hawana.

Namba yako inatokana na mwili wako

Kalori tunazozitaja hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti, yaani kilokalori. Gramu moja ya wanga ina 4, protini 4, pombe 7, mafuta 9.

Kanuni inayotumika zaidi kukadiria matumizi ya mwili ni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990. Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 10. Chukua urefu wako kwa sentimita, zidisha kwa 6.25, ujumlishe. Zidisha umri kwa 5, utoe. Mwisho, mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161.

Tumchukue mama anayeuza nguo soko la Owino, Kampala, ana miaka 38, kilo 84, sentimita 161. Uzito unatoa 840, urefu 1,006, umri unatoa 190, kisha zinatolewa 161. Jibu ni 1,495. Hizo ndizo kalori ambazo mwili wake ungetumia kama angelala kitandani kutwa nzima bila kuinua mkono: moyo kupiga, ini na figo kufanya kazi, ubongo kufikiri, damu kubaki na joto lake.

Lakini halali kutwa. Jibu hilo huzidishwa kwa 1.2 kwa mtu anayekaa tu, 1.375 kwa mwenye shughuli nyepesi, 1.55 kwa anayesimama na kutembea sehemu kubwa ya siku, na 1.725 kwa anayelima au kubeba mizigo kila siku. Mama wa Owino anasimama, anainama, anabeba furushi, anatembea hadi kituo cha teksi. Kwake 1.55 inafaa: 2,317, tuseme 2,300. Hicho ndicho chakula kinachomweka pale pale alipo, asinenepe wala asipungue.

Hapa watu wa Uganda hukosea kwa namna ya pekee. Programu za simu zimetengenezwa kwa watu wanaoishi kwenye gari na kiti, na ukiharakisha kujibu maswali yake zinakuweka kwenye 1.2. Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walilinganisha nchi 168, na Uganda ndiyo iliyokuwa na sehemu ndogo kuliko zote ya watu wazima wasiotumikisha mwili vya kutosha: asilimia 5.5. Mtu anayetembea kilomita nne kwa siku, anayeteka maji na kufua kwa mkono, akipewa hesabu ya karani wa ofisini atapangiwa chakula pungufu kwa mamia ya kalori.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Mwendesha boda hurudi nyumbani hoi, vumbi hadi masikioni, na anaamini ametumia nguvu nyingi. Kwa kweli mgongo na macho ndivyo vilivyochoka, miguu ilikaa. Mwanamume wa miaka 40, kilo 96, sentimita 172, anapata 1,840 za kupumzika, na kwa kazi hiyo tungezidisha kwa 1.375 tu: 2,530.

Ukishapata namba ya kukaa pale pale, toa 300 hadi 500. Mama anapata 1,800 na mwendesha boda 2,030. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700, kwa hiyo upungufu wa 500 kwa siku ni 3,500 kwa wiki, karibu nusu kilo. Nusu kilo huonekana kidogo hadi utakapoipima kwenye bucha.

Na sakafu? Ushauri wa kawaida ni kwamba mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanamume chini ya 1,500 bila daktari kumsimamia. Sisi tunaona namba hizo ni ndogo mno kwa mtu mwenye mwili mkubwa na kazi ya kusimama. Tunapendelea sakafu iwe ile namba ya kupumzika. Kwa mama wa Owino, siku yoyote aliyokula chini ya 1,495 ihesabiwe kuwa siku iliyoharibika, sawa na siku aliyopitiliza 2,300.

Chini ya sakafu kuna nini

Kuna maneno yanayozunguka kwamba ukila kidogo mno mwili "unagoma" na kunenepa kwa hewa. Hilo si kweli, na lisipokanushwa linawapa watu kisingizio kibaya. Aliyefungiwa na kalori 1,000 kweli kweli atapungua. Tatizo ni kile kinachopungua, na gharama yake.

Mwaka 1945 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwalisha wanaume 36 wenye afya karibu nusu ya chakula chao kwa miezi sita, takriban kalori 1,570 kwa siku, wakiendelea kutembea na kufanya kazi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Pamoja na uzito walipoteza nguvu, wakawa wanahisi baridi wakati wa joto, mapigo ya moyo yakawa ya polepole, wakawa wakali na wazito wa mwendo. Waliota na kuzungumza chakula. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula maelfu ya kalori kwa siku na bado wakasema wana njaa. Wale walikuwa wembamba tangu mwanzo, kwa hiyo mtu mwenye akiba ya mafuta haumii haraka kama wao, lakini mwelekeo ni ule ule: mwili ulionyimwa hupunguza matumizi na kuongeza hamu. Sehemu kubwa ya upungufu huo wa matumizi hutokea bila wewe kujua. Unapanda boda badala ya kutembea, unamtuma mtoto dukani, unakaa ulipokuwa ukisimama.

Misuli nayo huliwa. Mwili usiopata protini ya kutosha huvunja misuli ya mapaja na mgongo kujipatia nishati, na mtu huyo akirudi kula kawaida hurejesha mafuta upesi kuliko misuli. Ndiyo maana aliyepungua kilo 12 kwa njaa na kuzirudisha zote huwa mlegevu kuliko alivyokuwa kabla, ingawa mizani inasoma vile vile. Nywele huanza kukatika miezi miwili au mitatu baada ya kipindi cha njaa, wakati mtu ameshasahau sababu, naye analaumu mafuta ya nywele. Hedhi huchelewa au hukatika. Choo huwa kigumu kwa kuwa kilichoingia ni kidogo. Na anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, anajiongezea hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo, hasa anapoepuka mafuta kabisa: nyongo inatuama bila kumwagwa.

Kuna chakula kidogo sana kinachofanya kazi, nacho tukiseme kwa haki. Katika jaribio la DiRECT la Uingereza, lililotangazwa mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliishi kwa kalori 825 hadi 853 kwa miezi mitatu hadi mitano, na karibu nusu yao sukari ilikaa sawa bila dawa baada ya mwaka. Lakini chakula chao kilikuwa cha unga maalumu wenye vitamini na madini yote, dawa zao za kisukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa siku ya kwanza, na kuna mhudumu aliyewapima mara kwa mara. Chai ya rangi na papai si tiba hiyo.

Kalori zinajificha kwenye mchuzi

Mtu anayesema "nakula kidogo lakini sipungui" kwa kawaida anahesabu kilicho sahanini na kusahau kilichomwagwa sufuriani. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Mpishi anayekaanga kitunguu kwa kumimina kutoka kwenye jerikeni anaweka vijiko vitano au sita bila kufikiri, yaani 600 hadi 720, na zote zinaliwa.

Binyebwa ndiyo inayotushughulisha zaidi, kwa sababu watu huiona kama mboga. Karanga zina kalori 567 kwa gramu 100. Nusu kilo ya unga wa karanga ni kalori 2,835 kabla hujatia chochote. Ikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja amepata 470 kwa mchuzi peke yake. Odii ya kaskazini, karanga na simsim zikisagwa pamoja, ni hesabu hiyo hiyo. Hatusemi usile: ni chakula kizuri chenye protini na mafuta ya heshima. Tunasema kihesabu kama chakula, na siku ya binyebwa kusiwe na karanga nyingine wala mafuta mengine.

Vingine vya kuangalia kwa haraka. Kikomando, chapati mbili na maharagwe, hufika 850. Soda ya nusu lita ni karibu 210. Vikombe vitano vya chai kwa siku vyenye vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja ni 240, bila kuhesabu maziwa. Parachichi kubwa, nyama yake gramu 200, ni 320. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na hiyo inatosha kukuambia walivyo.

Kwa upande wa wanga, ubishi wa matooke (ndizi za kupika) na posho unachukua muda usiostahili. Matooke yaliyopikwa yana takriban kalori 116 kwa gramu 100, posho ya kawaida 120 hivi, wali 130, viazi vitamu vilivyochemshwa 80 hivi. Matooke yanasifiwa kuwa mepesi kwa sababu yanapikwa kwa mvuke ndani ya majani bila mafuta, lakini kilima cha gramu 600 sahanini ni karibu 700. Muhogo ndio unaohitaji tahadhari, kwa sababu nyingine: unga wake una kalori karibu sawa na wa mahindi huku protini ikiwa gramu moja au mbili tu kwa gramu 100. Nyumba inayokula posho ya muhogo lazima iongeze samaki, maharagwe au mayai, la sivyo tumbo litajaa na misuli itapungua.

Kupima sufuria ya familia

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayopima hadi kilo 5 inatosha. Pima sufuria tupu, uandike uzito wake kwa kalamu isiyofutika chini ya sufuria. Utaifanya mara moja tu. Kabla ya kupika, pima vinavyoingia vikiwa vikavu. Kilo moja ya unga wa mahindi ni kalori 3,600. Posho ikishaiva, pima sufuria nzima, toa uzito wa sufuria. Tuseme imebaki kilo 3 kamili: kalori 3,600 zimesambaa kwenye gramu 3,000, kwa hiyo kila gramu 100 ina 120. Sahani yako ya gramu 250 ni 300. Posho laini zaidi ingetoa 100, ngumu zaidi 140, ndiyo maana namba za intaneti za posho hazikubaliani.

Kwa mchuzi ni njia hiyo hiyo, ila mafuta usiyakadirie kwa jicho. Weka chupa ya mafuta juu ya mizani kabla na baada ya kumimina. Tofauti ya gramu zidisha kwa 9. Hili peke yake, likifanywa kwa wiki mbili, humfundisha mpishi zaidi kuliko orodha yoyote ya vyakula.

Asiye na mizani atumie tumpeco, kikombe kikubwa cha kupimia. Tumpeco ya nusu lita ikijazwa maharagwe makavu ni takriban gramu 400, kalori 1,300 na ushee, na yakiiva hufika karibu kilo moja. Ukigawa kwa watu watano kila mmoja amepata kalori 270 na protini gramu 17 au 18. Na mkono wako ni kipimo kisichosahaulika nyumbani: wanga uliopikwa ngumi mbili, samaki au nyama kiganja kimoja bila vidole, mafuta yasizidi ncha ya dole gumba, mboga za majani kadiri upendavyo. Dodo, nakati, bbuga, sukuma na kabichi ziko kati ya kalori 20 na 40 kwa gramu 100. Mafuta unayozikaangia ndiyo hesabu.

Wanaokula sinia moja pamoja wana shida ya kweli, maana hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Si lazima kujitenga. Pima sehemu yako kwanza, uiweke upande wako wa sinia, na useme wazi kwamba ndiyo yako.

Siku ya kalori 1,800

Kwa yule mama, siku moja inaweza kwenda hivi. Saa moja asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, viazi vitamu gramu 200, na chai yenye maziwa mililita 150 na kijiko kimoja kidogo cha sukari: jumla 420. Saa saba mchana matooke gramu 250, maharagwe yaliyoiva gramu 200, na dodo iliyokaangwa kwa kijiko kidogo cha mafuta: 615. Saa kumi ndizi moja ya bogoya na karanga gramu 25, ambazo ni kiasi cha konzi ndogo: 250. Saa moja na nusu usiku nyama ya samaki ngege (sato) gramu 150 bila miiba, posho ya unga gramu 60, na nakati kwa kijiko kidogo cha mafuta: 480. Zimefika 1,765, na zilizobaki ni za kuonja anapopika, jambo ambalo hakuna mpishi anayeliepuka.

Protini hapo ni karibu gramu 95. Lengo zuri kwa anayepungua ni gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, na kwa mwenye kilo 84 chini kabisa ni 100, kwa hiyo bado kuna nafasi ya kuongeza. Ngege ikipanda bei, mukene (dagaa) mkavu gramu 30 hutoa protini gramu 15 hivi kwa kalori 100 tu, na huenda vizuri na nyanya bila mafuta mengi. Mwosheni mara mbili kwa maji ya moto kutoa mchanga.

Angalia pia saa. Zaidi ya kalori 1,000 zimeliwa kabla ya saa nane mchana, na karanga za saa kumi zipo ili mama apite mbele ya mkaanga chapati akiwa na kitu tumboni. Ukiziondoa hizo 250 kwa kudhani unaokoa, utazilipa mara mbili saa tatu usiku.

Kama umekuwa ukila 900

Usiruke hadi 1,800 kesho. Ongeza 150 kwa siku, ukae hapo wiki moja, kisha ongeza nyingine. Anza na protini ya asubuhi, yaani mayai mawili. Wiki ya pili ongeza wanga wa mchana. Mafuta yaongezeke mwisho kwa sababu ndiyo rahisi kupitiliza.

Jitayarishe kwa jambo litakalokutisha: mizani itapanda. Ndani ya siku kumi unaweza kuona nusu kilo hadi kilo moja na nusu, na hapo ndipo wengi hukimbilia njaa tena. Misuli na ini huhifadhi wanga, na kila gramu ya wanga huo hushika karibu gramu tatu za maji. Ulipokuwa na njaa ghala lilikuwa tupu. Sasa linajaa, na utumbo nao una chakula ndani yake. Ili kilo moja ya mafuta iongezeke ungelazimika kula 7,700 juu ya matumizi yako, na mayai mawili hayawezi. Ghala hilo hilo ndilo linalowadanganya wanaofurahia kilo tatu za wiki ya kwanza ya chakula cha kujinyima: mengi yaliyotoka ni maji.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani zinafanana na hilo. Nyingi zina majani ya kuharisha. Kalori hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na dawa ya kuharisha inafanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshapita. Unachopoteza ni maji na chumvi.

Pima uzito asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, ukiwa na nguo zile zile, kwenye mizani moja. Mizani ya barabarani inayotozwa pesa kidogo haina ubaya, lakini kupimwa Jumatatu kwa mmoja na Ijumaa kwa mwingine, ukiwa na viatu na baada ya chakula, hakukuambii chochote. Linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki, na usibadilishe chakula kabla ya wiki tatu. Kwa mwanamke, siku chache kabla ya hedhi maji huongezeka, kwa hiyo alinganishe na siku zile zile za mwezi uliopita.

Uganda, kukonda kuna kumbukumbu yake. Ugonjwa wa ukimwi ulipojulikana hapa katika miaka ya 1980, watu wa Rakai waliuita "slim", yaani mwembamba kwa Kiingereza, na neno siriimu likabaki katika Kiganda hadi leo. Ndiyo maana shangazi akikuona umepungua uso anauliza kwa sauti ya chini kama uko salama, kisha anakupakulia mara ya pili. Mjibu kwa upole, mwambie unapunguza kwa mpango na unakula mara nne kwa siku. Lakini wasiwasi wake una msingi: uzito ukishuka bila wewe kupanga, au ukiambatana na kikohozi, homa za usiku, kiu na mkojo mwingi, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu, virusi na sukari. Anayetumia dawa za virusi na kuona anaongezeka uzito asiziache wala asiruke dozi. Azungumze na mhudumu wake. Anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kisukari) asipunguze chakula kabla daktari hajapunguza dawa, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Mjamzito asifanye hesabu hizi kabisa, na anayenyonyesha anahitaji kama 500 zaidi.

Kwenye Ramadhani namba haibadiliki, saa ndizo zinazobadilika. Uganda iko juu ya ikweta, kwa hiyo saumu ni karibu saa 13 na nusu mwaka wowote, na hilo linarahisisha kupanga. Asiyekula daku anakata kalori 500 asubuhi na kuzirudisha maradufu kwenye futari ya sambusa na uji wenye sukari. Kula daku yenye mayai au maharagwe, fungua kwa tende tatu na maji, sali, kisha kaa kwenye chakula chenyewe.

Kila ukipungua kilo 5, fanya hesabu upya. Mama wa Owino akifika kilo 74, namba yake ya kupumzika ni 1,395 na ya kukaa pale pale ni 2,160. Zile 1,800 sasa zinampa upungufu wa 360 tu. Anaweza kushuka hadi 1,660, au abaki alipo na apungue polepole zaidi; tungemshauri abaki. Akifika kilo 70 na kuamua zinamtosha, asifungue mlango wote kwa siku moja. Mwili huo unatumia kama 2,100. Aongeze 100 kila wiki kwa wiki tatu, huku akiangalia wastani wake. Hizo 300 za mwisho ni chapati moja kamili, na anaweza kuila saa mbili asubuhi na chai yake.